Nilivyokwenda Kupimwa Macho Morogoro

Baba yangu alipofuka uzeeni, pole pole, pasipo maumivu yoyote. Basi nami nilipotimiza miaka arobaini na sita, nikaanza kujikwaa kwa vitu vilivyo kando ya njia, naliingiwa na hofu. Mwalimu asiyeona atasahihishaje madaftari? Nikafunga safari kutoka kwetu Matombo, nikaenda hospitalini Morogoro.

Daktari alikuwa binti wa umri wa wanafunzi wangu wa kwanza. Akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu." Nikaitika, "Marahaba, binti yangu." Alipokwisha kunipima akasema, "Presha ya jicho hupanda na kushuka mchana kutwa. Tafadhali rudi saa nane, nikupime tena."

Nalikuwa na saa nne za kungoja. Nikaona heri kutembea kuliko kukaa kitako na hofu yangu. Watu huuita Morogoro mji kasoro bahari; siku ile nalitaka kuutazama vema, kama mtu awekaye akiba.

Kwanza nalikwenda stesheni ya zamani. Reli ya Wadachi kutoka Dar es Salaam ilifika hapa mwaka 1907, hata mwaka 1914 ikafika Kigoma. Siku hizi iko na reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024. Kisha nikapita sokoni, nikaona kabichi na karoti za Mgeta zimepangwa mafungu mafungu. Nikazitazama rangi zake kitambo kirefu, hata mama mwenye mali akaniuliza kama nimepotelewa na kitu.

Halafu nikashuka mtoni. Zamani, katika nchi hii chini ya milima, Kisabengo alijenga mji wenye boma, ukaitwa Simbamwene, na baada yake akatawala bintiye. Stanley alipopita mwaka 1871 aliona ukuta wenye minara minne ya mawe, na milango minne ya mbao iliyochongwa nakshi. Mwaka uliofuata gharika ikaubomoa upande wa ukuta ule na nyumba nyingi. Nikawaza: maji hayakuuvunja mji kwa hasira, yalipita tu palipokosa ulinzi.

Saa nane nikarudi. Daktari akanipima, kisha akanena pasipo kunificha: "Mwalimu, una presha ya macho. Mshipa upelekao habari za jicho kwenye ubongo umeanza kuharibika. Uliyokwisha kupoteza hayatarudi. Lakini ukitia dawa hii kila siku, maisha yako yote, yaliyobaki yaweza kulindwa. Tena ugonjwa huu hufuata ukoo. Waambie ndugu zako waje."

Nikashukuru, nikapokea kichupa. Jumamosi iliyofuata ndugu zangu wawili walipanda gari kwenda Morogoro. Dada yangu alionekana mzima. Mdogo wangu, ambaye hakuwa na dalili hata moja, alikutwa na ugonjwa ule ule, nao umeanza tu. Naye akapewa dawa mapema kuliko mimi.

Nanyi watoto, mkimwona babu au bibi anajikwaa kwa kigoda kilicho kando yake, msimcheke. Mshikeni mkono, mkawaambie wazazi wenu wampeleke akapimwe macho.