Gesi ya Kupikia Katika Gari la Safari

Mtungi wa gesi siku hizi si kitu kigeni kwetu. Wengi wetu tumeuona jikoni, na tumetumwa dukani kubadilisha mtungi mtupu kwa uliojaa. Lakini mtungi ukitiwa katika gari ambamo watu hupika, hula na kulala, mambo huwa mengine. Nyumba haitikiswi na mashimo ya barabara, wala si ndogo kiasi kwamba kitanda hukaa hatua moja kutoka jikoni. Katika likizo ya Desemba nilimsaidia mjomba wangu, fundi wa hapa Arusha, ambaye hutengeneza magari ya watu wanaokwenda kupiga kambi Serengeti na Ngorongoro. Nataka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu niliyojifunza kwake.

Kwanza yafaa tuifahamu gesi yenyewe. Ni mchanganyiko wa propani na butani, na ikishindiliwa ndani ya chuma hugeuka kuwa maji. Lita moja ya maji hayo ikitoka nje huwa gesi ya lita 250 hivi. Kwa hiyo uvujaji mdogo si mdogo hata kidogo. Tena gesi hiyo ni nzito kuliko hewa: propani kwa mara moja na nusu, na butani kwa mara mbili. Haipandi juu kama moshi. Huteremka, hutandaa sakafuni, na hukaa hapo ikingoja cheche.

Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza ya mjomba si kufunga jiko bali ni kutoboa tundu. Mtungi huuweka katika sanduku la chuma lililozibwa kabisa upande wa ndani ya gari, lenye mlango wa nje, na chini yake lina tundu linalotazama ardhi. Nilimwuliza kwa nini tundu lisiwe juu kama dirisha. Akanijibu, "Mpwa wangu, mfereji wa maji machafu huuweka wapi, darini au sakafuni?" Hapo nikaelewa.

Mtungi husimamishwa wima na kufungwa kwa ukanda. Ukilala, maji yaweza kutoka badala ya gesi, na moto wa jiko ukaruka vibaya. Juu ya mtungi hufungwa regyuleta, kifaa kinachopunguza nguvu ya gesi hadi kiasi kinachotakiwa na jiko. Mwisho hufungwa mpira wa gesi na vibano vyake, kisha kila kiungo hupakwa povu la sabuni. Povu likitoa mapovu yanayokua, pana uvujaji. Mjomba hakubali mtu apime kwa kiberiti, hata kwa mzaha.

Siku moja alikuja bwana mmoja wa Kijerumani na mkewe na watoto wao wawili, katika gari walilolileta kwa meli kutoka kwao. Mtungi wao ulikuwa umekwisha, nao walitaka kuondoka asubuhi ya pili. Taabu ni kwamba nati ya mtungi ule haikulingana na vifaa vya huku, wala hapakuwa na duka lililoweza kuupokea na kuwapa mwingine. Ndipo akatokea mtu aliyeahidi kuujaza kwa dakika chache: angepindua mtungi uliojaa juu ya ule mtupu, aviunganishe kwa mpira, na gesi ingeteremka. Bei yake ilikuwa ndogo. Alichoomba ni nafasi katika ua wa mjomba.

Mjomba alikataa. Mgeni aliongeza fedha, na wiki hiyo kazi zilikuwa haba, lakini jibu halikubadilika. Alimkalisha mgeni akamweleza sababu. Kiwandani mtungi hujazwa kwa mizani, hadi asilimia 80 hivi ya nafasi yake, na sehemu inayobaki huachwa makusudi. Joto likizidi, maji ya gesi hutanuka na kuhitaji mahali pa kwenda. Mtungi uliojazwa pomoni hauna mahali hapo. Ukikaa juani ndani ya gari, nguvu hupanda mpaka valvu ya usalama ifunguke na kumwaga gesi, au chuma chenyewe kipasuke. Mtu yule hakuwa na mizani, na mitungi yake ingevuja gesi uani wakati wote wa kazi.

Mjomba alimkumbusha pia yaliyotokea Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024. Katika kituo cha kujazia gesi kisichokuwa na kibali, lori lililojaa gesi lililipuka. Watu kadhaa walikufa na zaidi ya 200 waliumia. Wengi walikuwa majumbani mwao, wala hawakuwa na shughuli yoyote na kituo kile. Hilo lilinigusa sana. Nafuu aliipata mmoja, na gharama wakailipa majirani.

Basi tulifanya njia ndefu. Mjomba alinunua mtungi wetu wa kilo 6, regyuleta inayoulingana, na mpira mpya. Alisoma kwanza kibati cha jiko la mgeni akaona limeandikwa milibari 30, sawa na regyuleta, ndipo akaanza kazi. Mimi nilishika sifongo ya sabuni. Kiungo kimoja kilitoa mapovu madogo kama mate ya mtoto. Tukakifungua, tukabadilisha pete ya mpira, tukapima tena mpaka povu likatulia. Magharibi ilipoingia kazi ilikuwa imekwisha.

Kabla ya kuagana mjomba aliwapa wageni maagizo matatu. La kwanza, ukingo wa Ngorongoro uko mita 2,300 hivi juu ya bahari na alfajiri yake ni baridi. Butani hukataa kugeuka gesi joto likikaribia sifuri, basi moto ukinywea wangoje jua, wasipashe mtungi kwa moto. La pili, jiko lisitumiwe kupasha gari joto wakati wa kulala, maana moto katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu. La tatu, wakisikia harufu ya gesi wafunge mtungi, wafungue milango yote, watoke, na wasiguse swichi.

Harufu hiyo nayo ina historia yake, na yatuhusu sisi wanafunzi. Gesi kwa asili haina harufu. Hutiwa dawa inayonuka ili ituonye. Tarehe 18 Machi 1937, huko New London, Texas, Marekani, gesi asilia isiyonuka ilivuja na kujaa chini ya sakafu ya shule, kisha ikalipuka. Karibu watu 300 walikufa, wengi wao wanafunzi. Baada ya msiba huo sheria ya Texas iliamuru gesi itiwe harufu, na desturi hiyo ikaenea.

Wazazi na wenzangu, majiko yetu hayana magurudumu, lakini gesi ni ile ile. Mtungi na ukae mahali ambapo hewa hupita chini, mpira uliopasuka ubadilishwe, na mtungi upimwe kwa povu kila unapofungwa. Na akija mtu kukujazia gesi kwa kupindua mitungi uani, mkatalie kwa adabu, hata kama bei ni nzuri. Ua ni wako, lakini ukuta mmepakana na jirani.