Bendera ya Manjano



Wengi munanijua kwa ile kazi ninayofanya tangu mwaka jana: kusimama kwenye mulango asubui na kuandika majina ya wenye kuchelewa. Wengine hamunipendi kwa sababu yake, najua. Leo nataka kuwaelezea mahali nilifundishwa kazi ile kwa kweli. Haikuwa hapa kwenye masomo. Ilikuwa ku mbio ya pikipiki.

Ilikuwa mu likizo kubwa, mwezi wa munane, inje ya muji wa Likasi. Wamotari wa mutaa wetu walitengeneza njia ya kuzunguka mu kiwanja cha zamani, wakapanga mipira ya motokari mu kila kona. Yaya yangu alikuwa mumoja wa wenye kushindana. Mimi sijui kuendesha; niliombwa kusaidia tu.

Siku ya posho ilikuwa ya kujaribisha. Mzee mumoja, fundi wa pikipiki, akatufundisha. Kwanza kuchunguza kila pikipiki: freni zikamate, mafuta yasivuje, mukono wa mafuta urudi wenyewe ukiuachilia, kaske ifungwe chini ya kidevu. Kaske yenye haifungwe ni kofia tu, alisema. Na ni kweli: wenye kupima mambo haya waliona kaske inapunguza hatari ya kufa kwa mwenye kuanguka na pikipiki karibu 42 kwa mia, na ya kuumia kichwa 69 kwa mia.

Kisha bendera. Ya bluu: mwenye mbio zaidi yuko nyuma yako, umuachie njia. Nyekundu: wote wasimame. Ya miraba myeusi na myeupe: mwisho. Ya manjano: hatari iko mbele, punguza mbio, usipite mwenzako. Mzee akamaliza: "Mwenye bendera hapana kugeuzia mugongo wale wanaokuja. Na mwenye bendera hana ndugu." Sisi tukacheka.

Siku ya yenga, kisha ibada, mbio ikaanza. Nilipewa kona ya tatu. Mu muzunguko wa mwisho kijana mumoja akaanguka palepale, pikipiki ikamulalia muguu. Mwenzangu akakimbia kumuinua, mimi nikapepea bendera ya manjano. Wa kwanza akapunguza. Wa pili alikuwa yaya. Aliniona, macho kwa macho, kisha akafungua mafuta akamupita yule wa kwanza. Gurudumu lake likapita kama hatua mbili toka kichwa cha mwenzangu aliyeinama.

Yaya akashinda. Watu wakapiga kelele. Zawadi ilikuwa dolare mia mbili, na nyumbani tulikuwa tumekwisha kuipangia: feza ya Examen d'Etat yangu ingetoka mule.

Mzee akapita na daftari, kona kwa kona: "Kuna mwenye kukosa?" Mwenzangu hakuona kitu. Mimi peke yangu niliona. Nikanyamaza, nikafikiri ile feza. Lakini nikakumbuka na jambo lingine. Mu mwezi wa sita nilifuta jina la rafiki yangu mu daftari ya wachelewaji. Mudogo mumoja wa darasa la saba, aliyefika pamoja naye, akakata majani peke yake mu jua. Aliniangalia, hakusema neno.

Nikamuambia mzee: "Yaya yangu alipita chini ya bendera."

Zawadi ikaenda kwa mwingine. Mama akasema, "Ungenyamaza tu, mutoto wangu." Yaya hakunisemesha juma mbili. Kisha mangaribi moja, akisafisha pikipiki, akaniuliza: "Yule mwenzako aliyeinama, anakaa wapi?" Nikamuonyesha. Akaenda. Walichosemezana sikukiuliza.

Feza ya mutihani ninaitafuta hata sasa; kila siku ya posho ninabeba matofali.

Yule mudogo anajijua. Ninamuomba musamaha hapa, mbele ya wote. Na wewe rafiki yangu, unajijua vilevile: ukichelewa kesho, nitaandika.