Baisikeli Yetu Mjini

Tulipopewa kazi ya kufundisha Lubumbashi, tulikuwa tumekaa Likasi miaka tisa. Mali yetu haikuwa nyingi: vitanda viwili, sanduku la vitabu, vyombo vya mama watoto, na baisikeli, ambayo kwetu Katanga watu huiita kinga. Rafiki mmoja alituonya akisema: «Mwalimu, afadhali uiuze. Kule mjini utaiweka wapi?» Tulicheka tu. Kinga hiyo ilikuwa imetufikisha shuleni kila asubuhi, mvua au jua, tungewezaje kuiacha?

Safari ni ya kilometa 120 hivi. Dereva wa lori alikubali kuichukua, lakini kwa sharti: isitoboe magunia ya watu. Basi tulilegeza usukani, tukaugeuza ulingane na mwili wa baisikeli. Tukaondoa pedali zote mbili, tukikumbuka kwamba ile ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungushwa kinyume cha ile ya kuume. Mnyororo tuliuviringishia kitambaa, ili mafuta yake yasichafue mizigo. Kisha tukaifunga juu ya magunia kwa vipande vya mpira mkuukuu, wala hatukuweka kitu juu yake, maana gurudumu likipinda ni taabu kulinyosha. Ilifika nzima, bila kuharibu hata gunia moja. Nasi tukajisifu.

Huko Katuba tulipanga chumba kimoja katika lupango, yaani kiwanja cha jamaa saba, chenye bomba moja na mlango mmoja wa kutokea. Chumbani nafasi ilikuwa haba. Tukarudisha pedali mahali pake, tukaiegemeza baisikeli ukutani, katika kijia cha kwendea bombani, tukaifunga kwa kufuli kwenye chuma cha dirisha kwa hofu ya wezi. Hatukumwuliza mtu.

Juma la tatu umeme ulikatika. Kabla ya mapambazuko mama mmoja mzee, jirani yetu, alitoka kuteka maji ya kukandia unga wa maandazi, maana hiyo ndiyo biashara iliyomlisha yeye na wajukuu wake watatu. Mguu wake ulinaswa na pedali, akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono.

Tuseme kweli: fikira yetu ya kwanza ilikuwa mbaya. Tulisema moyoni: Kwa nini hakuchukua taa? Lakini tulipomwona ameketi mlangoni pake, mkono umefungwa, beseni lake tupu, aibu ilitushika. Tukaenda pamoja na mama watoto kumwomba radhi. Akajibu: «Mwanangu Mwalimu, sisemi juu ya mkono, mkono utapona. Lakini njia ni yetu sote, nawe uliifunga bila kutuuliza.»

Maneno hayo yalituchoma. Kwa ajili ya magunia ya watu tusiowajua tuliondoa pedali. Kwa ajili ya miguu ya jirani zetu hatukufikiri neno. Wazee husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulikuja, mwenyeji akaumia.

Tulilipa gharama za dawa. Kwa majuma sita mama watoto alikanda unga pamoja na wale wajukuu, nasi tulilipeleka beseni la maandazi sokoni kwa kinga, kabla ya kwenda shuleni. Halafu, kwa ruhusa ya mwenye lupango, fundi alitutilia kulabu mbili katika boriti ya paa, si katika ukuta wa matofali mabichi, usioaminika kubeba kilo 20. Tangu hapo kila jioni tuliugeuza usukani kama siku ile ya lori, tukaitundika kinga juu ya sanduku la vitabu. Wezi hawakuifikia, mvua haikuitia kutu, na kijia kilibaki wazi.

Ndugu wasomaji, mkihamia mji wenye watu wengi, msitupe kinga zenu, zitawafaa. Lakini kabla ya kupakia mizigo, pimeni chumba mtakachokaa. Na siku ya kufika, kabla ya kufunga kufuli popote, waulizeni jirani: «Tuiweke wapi?» Ndilo swali alilotuuliza rafiki yetu wa Likasi, nasi tukalicheka.