Wimbo wa Sukari na Chumvi

Watoto, ninyi mnaokaa Mpala mmekwisha kuwasikia wavuvi wakirudi alfajiri. Kabla hujauona mtumbwi, unausikia. Mmoja anaanza, wengine wanaitikia, na kila wakiitikia makafi yanaingia majini pamoja. Nilipofika hapa mara ya kwanza nilidhani wanaimba kwa furaha ya samaki tu. Sikujua kitu.

Nilijifunza siku moja ya kiangazi. Tulikuwa tunatoka Kalemie kwa mashua, watu sita, pamoja na masanduku ya vitabu na chaki. Injini ikazimika, na upepo wa kusini ukaanza kutupiga usoni. Makafi yalikuwa manne tu. Tukavuta kwa nguvu, kila mtu kwa pupa yake, huyu mbele, yule nyuma, mashua ikawa inazunguka kama bata aliyepigwa jiwe. Muda si muda mikono ikachoka, tena tukaanza kugombana. Mzee mmoja aliyekaa nyuma, wala hana kafi, akaanza kuimba. Aliimba polepole, polepole kuliko tulivyokuwa tukivuta. Nikataka kumwambia, "Baba, huu si wakati wa ngoma." Lakini mikono yangu ilikuwa imekwisha kumtii kabla kinywa changu hakijafunguka. Tukavuta pamoja, tukapumua pamoja, na ugomvi ukaisha bila mtu kuomba radhi. Tulifika pwani usiku. Asubuhi nikaona malengelenge viganjani, wala sikukumbuka yalitoka saa ngapi.

Mwaka 1858 Mwingereza mmoja, Richard Burton, alisafiri kwa mitumbwi katika ziwa letu hili la Tanganyika. Katika kitabu chake alilalamika juu ya kelele za wapiga makafi wake na nyimbo zao. Maskini, alikuwa mgonjwa. Lakini nadhani kuna sababu nyingine pia: yeye alikuwa abiria. Kama angepewa kafi, labda angeandika maneno mengine.

Si kazi ya ziwani tu. Mwaka 1998 mkimbiaji wa Ethiopia, Haile Gebrselassie, alishindana Birmingham, Uingereza, katika mbio za meta 2000 ndani ya jumba. Aliomba apigiwe wimbo mmoja wa haraka alioupenda, akakimbia kwa mapigo yake, akavunja rekodi ya dunia. Na mwaka 2012 wataalamu wa Uingereza walitoa habari za watu waliowapima wakiendesha baisikeli huku wakisikiliza muziki. Wale waliokanyaga sawasawa na mapigo walitumia oksijeni pungufu kwa sehemu 7 katika 100 kuliko walipokanyaga bila kuyafuata. Mzee wa mashua hakuwa na mashine ya kupimia, lakini alilijua jambo lenyewe.

Juu ya moyo nitasema machache, maana kila mmoja wenu ana moyo wake. Mnajua habari za Daudi, jinsi alivyompigia kinubi mfalme Sauli mpaka roho yake ikatulia. Mimi nilipopata habari ya kifo cha mama yangu niliingia darasani kama siku zote. Watoto, kwa wema wao, wakaniimbia wimbo wa kuchekesha. Nikakasirika, nikawanyamazisha. Jioni nikasikia wanawake wakitwanga na kuimba wimbo wa taratibu, wimbo wa kilio kidogo. Nikakaa juu ya jiwe nikalia, kisha nikaweza kula. Mtu mwenye huzuni hapendi wimbo wa kumvuta mkono. Anataka kwanza wimbo wa kukaa naye.

Sasa nataka kuwaeleza jambo la tatu, nalo ni kumbukumbu. Hapa nina kosa langu la kuwaambia.

Zamani, katika karne ya 11, alikuwako mtawa wa Italia aliyeitwa Guido wa Arezzo. Alifundisha watoto kuimba, nao walihitaji miaka mingi kushika nyimbo zote za kanisa. Akachukua utenzi mmoja wa Kilatini ambao kila kipande chake kinaanza juu kidogo kuliko kile kilichotangulia. Silabi za mwanzo wa vipande zikawa majina ya sauti: ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye watu wakaiacha ut wakasema do. Ndizo hizo mnazoimba ninyi ubaoni. Karibu miaka elfu imepita, na silabi zile hazijapotea, kwa kuwa zilifungwa ndani ya wimbo.

Basi mimi nikajiona Guido. Mwaka mmoja kipindupindu kilitokea katika vijiji vya kando ya ziwa. Mwuguzi alituomba tuwafundishe watoto jinsi ya kutengeneza maji ya kumnywesha mtu anayehara, pale ambapo dawa ya pakiti haipo na kituo cha afya kiko mbali. Maji hayo ni haya: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Nikatunga wimbo usiku mmoja tu. Kiitikio kilikuwa hivi: "Sita za sukari, nusu ya chumvi." Sauti ilikuwa tamu, nikaisifu mwenyewe. Siku ya pili darasa zima liliijua. Siku ya nne kijiji kizima.

Juma la pili nilipita kisimani, nikawakuta wasichana wanaruka kamba kwa wimbo wangu. Nikasimama nikitabasamu. Kisha nikasikia maneno. Waliimba, "Sita za chumvi, nusu ya sukari." Kamba inazunguka, miguu inaruka, na hakuna aliyeona kosa. Sauti ilikuwa ileile, mapigo yaleyale. Yaliyogeuka ni maneno mawili tu.

Watoto, chumvi nyingi ni hatari kubwa kwa mtoto anayehara. Badala ya kumrudishia maji, huyavuta kutoka katika mwili wake, naye aweza kupata degedege na kufa. Nikaikamata kamba, nikauliza kama kuna aliyekwisha kutengeneza maji hayo nyumbani. Msichana mmoja mdogo wa darasa la pili akainua mkono. "Mimi, Bruda. Asubuhi hii. Mdogo wangu anahara."

Sikumbuki njia tuliyopita. Nakumbuka nilipoteza kiatu kimoja.

Tulimkuta bibi yake mlangoni, mtoto yu mapajani. Karibu naye ardhi ilikuwa imelowa. Bibi alikuwa ameonja maji yale, akatema, akayamwaga yote. Kisha akatengeneza mengine mwenyewe, naye mtoto alikuwa akiyanywa kwa kijiko, kidogo kidogo. Nikaketi chini bila kukaribishwa.

"Nani aliyemfundisha huyu maji yale?" akaniuliza.

"Ni mimi, Mama."

Akanitazama kitambo. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Akasema tu, "Bruda, maji ya mtoto yasizidi chozi. Ukionja ukasikia chozi, inatosha. Ukisikia zaidi, mwaga." Alifundishwa hivyo na mwuguzi alipokuwa mama kijana, wala hakuimbiwa. Jioni ile tulimpeleka mtoto kituoni, naye alipona.

Kesho yake nikasimama mbele ya darasa nikasema, "Usahauni wimbo ule." Neno la kipumbavu! Nani husahau kwa amri? Nikawauliza mmoja mmoja, wote wakajibu vizuri: sukari 6, chumvi nusu. Wakati wa mapumziko kamba ikaanza kuzunguka, na maneno yaliyogeuka yakarudi yote. Ulimi ulikuwa umejifunza, miguu bado.

Hapo nikaelewa kosa langu. Katika wimbo wangu hapakuwa na kitu cha kulishika kila neno mahali pake. "Chumvi" iliweza kukaa penye "sukari", na "sukari" penye "chumvi", nao wimbo usivunjike. Nikatunga mwingine, mapigo mengine kabisa, sauti nyingine, nikalitia ndani lile neno la bibi:

Sukari sita, sawasawa,
Chumvi chozi, nusu tu.

Jaribuni kuyageuza. Sukari inaita sita, chumvi inaita chozi. Ulimi wenyewe unakataa kukosea. Kabla sijawafundisha watoto nilikwenda kumwimbia bibi. Akanifanya niuimbe mara nyingi, huku akijaribu kwa makusudi kuyachanganya maneno, hata akashindwa, akacheka. Lakini wimbo wa kwanza haukufa mara moja. Kwa majuma mengi nilizunguka kisimani na pwani nikitega masikio, na watoto wakadhani nimeanza kuwapeleleza.

Mwaka jana nilikuwa bandarini Kalemie nikingoja mashua. Kijana mmoja, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa akipakia magunia huku akiimba. Nikaitambua sauti. Ilikuwa ile ya kwanza. Nikaweka mzigo wangu chini, nikamfuata.

"Kijana, una watoto?"

"Mmoja, Bruda. Wa miezi minane."

"Basi tua gunia kidogo."

Tukauimba ule mpya pale pale, mbele ya wapagazi wenzake waliokuwa wakicheka. Mara tatu, mpaka akaushika. Akanishukuru, akajitwika gunia lake, akapanda ubao wa mashua. Alipofika katikati akaanza kupiga mluzi: sauti ile ya kwanza.

Nikamfuata tena.