Umbali wa Salamu

Kijana aliyekaa karibu nami kwenye basi la Kilwa hakuniuliza jina. Aliuliza lenzi. Kamera ilikuwa mapajani mwangu tangu Mbagala, na tulipovuka Daraja la Mkapa uvumilivu ukamwisha. "Dada, hiyo inavuta mpaka ngapi?" Nikamwambia inaanzia milimita 24 na kuishia 105. Akanitazama kwa huruma, akafungua begi na kutoa ya kwake: Tamron, 18 hadi 400. "Hii ndiyo lenzi ya safari. Unabeba moja tu, umemaliza."

Kuhusu kubeba moja tu, hatukuwa na ugomvi. Pwani si mahali pa kubadilisha lenzi ovyo. Ukiifungua kamera ndani ya mashua, unyevu wa chumvi unaingia pasipofikika kwa kitambaa, na punje ya vumbi ikitua juu ya kihisi, kile kibapa cha ndani kinachopokea mwanga, utaiona kama doa katika kila picha yenye anga. Nazo lenzi unazoziacha kabatini kwenye joto na unyevunyevu wa Dar huota kuvu. Mtu anayekwenda kutembea, atakayepanda boti, akwee magofu na abebe maji yake ya kunywa, achukue lenzi moja ya zumu na aizoee. Tulibishana ni ipi, na ubishi huo ulitufikisha Nangurukuru bila mimi kuona njia.

Hoja yake ilikuwa ileile ya wauzaji: namba kubwa. Nimeisikia madukani miaka mingi na inaniudhi, kwa sababu inamfanya mtu atoe akiba yake kwa ajili ya upande mmoja wa lenzi huku upande wa pili hauzungumzwi kabisa. Kamera yake ni Canon ya kihisi kidogo. Kihisi hicho hukata kingo za picha, kwa hiyo kila namba ya lenzi unaizidisha kwa 1.6 ili ujue itaona upana gani ukilinganisha na kamera ya kihisi kikubwa kama yangu. Ile 400 inakuwa kama 640. Muuzaji alimtajia hiyo 640. Hakumwambia kwamba 18 nayo inakuwa kama 29, yaani upana unaoingia kwenye picha umepungua. Wala hakumwambia habari ya mwanga. Ukiivuta hadi mwisho, tundu la lenzi ile halifunguki kupita f/6.3, wakati langu linabaki f/4 kuanzia 24 hadi 105. Hapo katikati kuna tofauti ya mwanga ya karibu mara mbili na nusu, na ndani ya gofu lenye giza tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama picha itatoka au itatikisika.

Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Lakini dada, kitu kikiwa mbali huwezi kukipata."

"Nakifuata."

"Na kisipofuatika?"

Sikumjibu. Nilitaka kulala.

Siku ya kwanza Kilwa Masoko iliishia kwenye kutafuta kibali cha magofu na kula samaki. Kesho yake nikamkuta bandarini, na kwa kuwa mashua ilikuwa moja na mtembeza wageni mmoja, tukachangia.

Ng'ambo, Kilwa Kisiwani, unapokelewa na Gereza, ngome ambayo Wareno waliijenga mwaka 1505 na Waomani wakaijenga upya baadaye. Tulipiga picha, tukapita. Magofu yapo na kijiji kipo, nyumba na mashamba ya watu yamekaa karibu na kuta za masultani, na njia ya kwenda msikitini inakupitisha kwenye viambaza vya watu wanaoishi. Mbele yetu bibi mmoja alikuwa barazani anasuka ukili. Mimi na mtembeza wageni tulikuwa tumeshamsalimu. Mwenzetu alibaki nyuma chini ya mbuyu, akaivuta lenzi yake yote, akaanza kupiga.

Bibi hakuinua uso. Vidole viliendelea na ukili. "Mwambieni mwenzenu aje," akasema. "Anawinda nini huko?"

Kijana akaja, kamera ameishusha. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Dar es Salaam, bibi."

"Na kwenu huko watu wanasalimiana kutoka mbuyuni?"

Akaomba radhi. Bibi akamwacha asimame kidogo kabla ya kuendelea. "Wanakuja wengi hapa kupiga mawe. Mawe hayana neno, mjukuu wangu, yapige utakavyo. Mimi nina mlango, na mlangoni kwangu watu wanapiga hodi. Lete niione."

Akamwonyesha. Bibi aliziangalia zote, moja baada ya moja, pole pole. Kwenye mojawapo kanga ilikuwa imemteleza kichwani. "Hii futa." Ikafutwa mbele ya macho yake. Halafu akajitanda upya, akautandaza ukili mapajani uonekane, akamwambia akae pale kwenye ngazi. "Haya. Sasa piga."

Nilikuwa nimekasirika hadi hapo. Ninaposafiri, hakuna kinachonichukiza kama kumwona mtu anavuna sura za wenzake kwa siri, na nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia tukiondoka. Maneno hayo yaliniishia nilipomwona jinsi alivyokaa kwenye ngazi ile. Aliuliza ukili unatoka kwenye mti gani, mkeka mmoja unachukua muda gani, na alipiga picha chache tu katikati ya mazungumzo. Nilichungulia namba kwenye lenzi yake: ilikuwa kati ya 24 na 35. Ule urefu wote uliobaki haukuwa na kazi pale. Hicho ndicho kipimo changu cha lenzi ya safari: kwanza ifanye kazi vizuri katika umbali ambao watu husalimiana. Ikishindwa hapo, masafa yake hayanisaidii.

Ndani ya Msikiti Mkuu mambo yalimgeukia. Sehemu ya zamani ya msikiti ule ni ya karne ya 11 au 12, ile pana ya matao na kuba iliongezwa karne ya 14, na Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Nguzo zimekaribiana. Kijana alirudi nyuma, akarudi tena mpaka mgongo ukagusa ukuta, na matao bado yalikatika kwenye picha. Akaniomba lenzi yangu. Kuingia ingeingia, lakini kwenye kihisi chake 24 yangu ingeona kama 38, finyu kuliko aliyokuwa nayo. Nikampa kamera nzima. Akaiweka jichoni akakaa nayo muda mrefu. "Imeingia safu yote," akasema.

Kisha akachukua yake, akaielekeza juu kwenye kuba, akavuta. Kwenye kioo yalitokea mawe ya matumbawe yaliyopangwa duara, na chokaa iliyowekwa kwa mikono ya mafundi wa mamia ya miaka iliyopita. Mimi kwa 105 nilipata kuba tu. Mawe hayana neno, na kwa mawe ile 400 ilikuwa na haki yake.

Kasri la Husuni Kubwa, birika lake la pembe nane na mwamba juu ya bahari, tulipaona kwa haraka kwa sababu nahodha alikuwa anahesabu maji.

Usiku aliniuliza anunue ipi. Kwa kamera yake nilimtajia Canon EF-S 15-85, ya mwaka 2009: kwake 15 inaona kama 24, na 85 inafika kama 136, gramu 575. Akinunua iliyotumika, amulike ndani kwa tochi atazame kuvu kabla ya kutoa hela. Akaandika kwenye simu. Baadaye akasema hauzi ile Tamron, mwezi ujao anampeleka baba yake Mikumi, na mzee anataka picha ya simba.

"Basi usiiuze," nikamwambia. "Ila mtoke alfajiri, jua likishapanda joto la ardhini linavuruga picha ya mbali. Na mwanga ukiwa bado mdogo pandisha ISO bila woga, f/6.3 haitakuonea huruma."

Akaniuliza nipandishe mpaka ngapi, dada. Tukaanza upya.