Mtu Asemaye Hana Wazimu

Katika seminari niliyosomea kulikuwa na kabati la vitabu vya Kifaransa, nusu yake imeliwa na mchwa. Humo ndimo nilimokuta hadithi za Edgar Allan Poe, Mmarekani aliyezaliwa Boston mwaka 1809 na kufa mwaka 1849, zilizotiwa katika Kifaransa na mshairi Baudelaire. Tulizisoma usiku kwa tochi chini ya blanketi, na kusema kweli tulizisoma kwa utamu wa hofu tu, kama watoto wasikilizavyo habari za mazimwi. Miaka mingi ilipita kabla sijatambua kwamba mojawapo ilikuwa ikinisema mimi.

Hadithi hiyo ilitoka mwezi wa Januari 1843. Ni fupi, waweza kuimaliza kabla ugali haujaiva. Mtu mmoja asiyetajwa jina anakaa nyumba moja na mzee. Mzee huyo ana jicho lililofifia, lenye utando juu yake, kama jicho la tai mla mizoga. Jicho lamsumbua yule mtu mpaka anakata shauri la kumwua mzee. Usiku saba, saa sita, anafungua mlango wa chumba polepole na kuingiza taa iliyofunikwa. Lakini jicho limefumba, naye anarudi. Usiku wa nane jicho li wazi. Anamwua mzee, anamkata vipande, anamficha chini ya mbao za sakafu. Maaskari watatu wanapofika anawakaribisha na kuwaletea viti, na kiti chake mwenyewe anakiweka juu ya mahali pale pale. Ndipo anapoanza kusikia moyo ukipiga chini ya mbao, ukizidi na kuzidi, hata anashindwa kuvumilia, anapiga kelele na kuungama.

Sisi vijana tuliogopa mbao na moyo. Siku hizi naogopa zaidi namna anavyosimulia. Tangu mwanzo ashindana na msikilizaji wake: mimi sina wazimu, tazameni jinsi nilivyo mtulivu, jinsi nilivyopanga kazi yangu kwa akili. Asema pia kwamba alimpenda mzee, kwamba mzee hakumkosea neno, wala mali yake hakuitamani. Sababu ilikuwa jicho, basi.

Mwaka huo huo wa 1843, mjini London, mtu aitwaye Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond, karani wa Waziri Mkuu, na korti haikumtia hatiani kwa kuwa aliumwa akili. Wengi hutamani kuitwa wenye wazimu wapate kupona kamba. Mtu wa Poe ataka kinyume: heri aitwe mwuaji kuliko mwenye wazimu. Twafundisha katika katekisimu kwamba dhambi ya mauti yataka jambo zito, ujuzi, na ukubali wa moyo. Huyu atwambia mwenyewe kwamba alijua na alikubali. Kisha, kabla hatujakaa vizuri, asema ni jicho. Sifa ya kazi aichukua yeye, hatia amwachia mzee.

Hadithi za namna hii zina ukoo wao. Waziita za kigotiki, na tangu kuzaliwa hazikuwa na msemaji wa kuaminika: Mwingereza Horace Walpole, aliyetoa kitabu cha kwanza mwaka 1764, alisingizia kwamba kimeandikwa zamani na kanoni mmoja wa Italia. (Hata padri alitiwa katika uwongo huo!) Poe mwenyewe, katika hadithi yake ya paka mweusi, amweka mlevi atakayenyongwa kesho yake. Mlevi huyo amemwua mke wake kwa shoka na kumjengea ndani ya ukuta, na bado amlaumu paka. Isomeni mwone: paka ana jina, mke hana. Naye Mfaransa Guy de Maupassant, aliyefia katika nyumba ya wagonjwa wa akili huko Paris mwaka 1893, alitoa mwaka 1887 hadithi ya mtu anayeandika katika daftari habari za kiumbe asiyeonekana anayekunywa maji yake usiku. Mwishowe achoma nyumba yake ili amwue kiumbe huyo. Aposikia vilio ndipo akumbuka watumishi waliolala juu. Alikuwa amewasahau.

Nisieleweke vibaya juu ya wagonjwa. Watu wa kwetu Uvira huwapeleka ndugu zao Kamenge, kule Bujumbura, kwa Mabruda wa Charité, nao wengi hurudi wakafanya kazi zao kama sisi sote. Ninayemwogopa mimi ni mtu mzima wa akili asimuliaye kwa utulivu.

Na habari ya jicho, je, ni ya Marekani tu? Huko Usukuma katika Tanzania, Shinyanga na Mwanza, mama wazee wengi wameuawa kwa miaka na miaka kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu, watu wakasema ni alama ya uchawi. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi. Mama aliyepika miaka hamsini juu ya moto wa samadi ya ng'ombe awe na macho ya namna gani? Hapa Kongo, Katiba ya mwaka 2006 katika kifungu cha 41 yakataza kuwashtaki watoto uchawi. Kifungu hicho ni cha watoto, wazee hakiwataji.

Mwaka 2021, katika mkutano wa shirika letu, ndivyo twaitavyo huku jumuiya ndogo ya Kikristo, kijana mmoja mvuvi alisimama. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, na ziwa nalo lilipanda likala nyumba za pwani. Naye alikuwa amepoteza nyumba, kisha mtoto mchanga kwa homa. Alisema kwa upole sana, akitaja siku na saa. Usiku wa giza, wakati wa ndagala, alipokuwa akipeleka taa mtumbwini, alimwona mama mzee mmoja mjane ameketi mlangoni, jicho lake jeupe limeuelekea mtumbwi. Usiku ule hakupata kitu. Ikawa hivyo mara tatu.

“Mwalimu,” aliniambia, “mama huyu hajanikosea. Mimi humwita mama. Lakini lile jicho!”

Jicho lile lilikuwa na mtoto wa jicho, ugonjwa ambao daktari huuondoa kwa kisu katika muda mfupi. Mimi nililijua jambo hilo. Lakini nilikuwa na daftari la shirika magotini, nikaandika yote kwa mwandiko wangu wa seminari, kisha nikasema tusali. Sikumwuliza swali hata moja. Kwa kuwa hakutukana wala kupaza sauti, nilimwona mtu wa haki. Kesho yake mtaani walisema, “Hata Mwalimu ameandika.”

Watu wakaacha kununua kwake. Watoto wakatupa mawe juu ya mabati. Baada ya wiki tatu mama aliondoka alfajiri, akaenda kwa jamaa zake katika bonde la Ruzizi, na mwaka uliofuata tukasikia amekufa. Ndipo mwanamke mmoja auzaye samaki aliponieleza kwamba yule kijana alikuwa na deni la mama: dola 150 alizomkopesha kununua nyavu. Katika usimulizi wake wote, na siku zake, na saa zake, nyavu zilikuwamo; deni halikuwamo.

Nilikwenda kwa Padri na habari hiyo, nikamweleza ubaya wa kijana tangu mwanzo hata mwisho. Alinisikiliza, kisha akauliza, “Na wewe, Mwalimu, ulikuwa umeketi wapi?” Nikamjibu kwamba nilikuwa mezani, nikiandika. Akanyamaza. Nikamkumbuka yule mtu wa Poe na kiti chake.

Hata sasa, nikisoma juu niliyoyaandika, naona nimeandika “mama mzee mmoja mjane,” kana kwamba sikumfahamu. Nilimfahamu. Nilipotumwa mtaa ule mara ya kwanza, sina mke wala sufuria, yeye ndiye aliyenipikia karibu miezi miwili, na jicho lile lilikuwa hivyo hivyo. Akiniletea sahani alikuwa akigeuza kichwa upande, anitazame kwa jicho zima.

Daftari lile ninalo bado. Maneno ya kijana yamejaza kurasa mbili na nusu. Ya mama hakuna, kwa maana hakuna aliyemwita katika mkutano, na mwenye kuita watu mkutanoni nilikuwa mimi.