Ukimfunga Mtoto Mgongoni, Nani Amshike?

Kwetu Tanga hakuna mzazi anayesomeshwa kubeba mtoto. Mama anainama, aliye karibu, awe wifi, mpangaji mwenzake au binti wa jirani, anamlaza mtoto mgongoni na kumshikilia, kanga inapitishwa chini ya makalio yake, inapanda hadi mabegani, inavutwa mbele na kupigwa fundo juu ya matiti. Haichukui hata dakika. Nazi inaendelea kukunwa, mtoto kalala.

Hapa London kanga ninazo, tena doti kwa doti. Ninayemkosa ni huyo wa kunishikia. Mume yuko zamu, na jirani wa ghorofa ya juu tunapeana salamu ya kichwa tu. Ndiyo maana nimenunua mbeleko ya mikanda na vifungo. Mama alipoiona kwenye simu akauliza, "Hiyo nini tena, mwanangu? Unakwenda kuruka na parachuti?"

Tatizo hili wapo waliolipata kabla yangu. Ann Moore, nesi Mmarekani, alikuwa Togo na mumewe miaka ya 1960 chini ya Peace Corps, akapenda jinsi akina mama wa kule walivyobeba watoto. Aliporudi Marekani na kujaribu kumfunga binti yake kwa shali, mtoto akawa anateleza. Mama yake, Lucy Aukerman, akamshonea mfuko wenye mikanda, na mwaka 1969 mbeleko hiyo, iliyokuja kuitwa Snugli, ikapata hataza. Mgongo wa Afrika ukarudi sokoni ukiwa na bei.

Bei hiyo isikubabaishe. Tazama mapaja kwanza. Mtoto aketi miguu imepanuka, kitambaa kimshike toka paja moja hadi jingine, magoti yakiwa juu kidogo ya makalio. Miezi ya mwanzo kikombe cha nyonga bado ni laini, na mkao huo ndio unaopendekezwa na taasisi ya kimataifa ya maradhi ya nyonga za watoto. Kanga huuleta yenyewe, maana mtoto anakumbatia kiuno cha mama kwa miguu. Mbeleko nyingi za bei rahisi zina kipande chembamba katikati, miguu inaning'inia kama suruali kwenye kamba ya kuanikia. Hizo ziache dukani.

La pumzi ni zito zaidi. Shingo ya mtoto mchanga haijakomaa. Kidevu kikiangukia kifuani, njia ya hewa inajikunja, na mtoto anaweza kukosa hewa bila kutoa sauti. Machi 2010, mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu mbeleko za kuning'iniza begani, baada ya kuhesabu vifo 14 katika miaka 20 hivi. Kwa hiyo mtoto akae juu, kiasi cha kuweza kumbusu utosini bila kuhangaika, uso wake uuone muda wote, na kidole kipite chini ya kidevu chake.

Hapo ndipo mgongo wa Tanga na mgongo wa London inapoachana. Nyumbani mama hamwoni mtoto aliye mgongoni, lakini nyuma yake kuna macho ya watu. Kichwa kikilala vibaya, mtu asiyemjua kabisa ndani ya daladala atapaza sauti: "Mama, mtoto huyo!" Kwenye treni za hapa kila mtu na simu yake. Mwanangu nitambeba kifuani mpaka shingo ikaze, hata mama alalamike kwamba namdekeza.

Baridi nayo ina hesabu yake. Mbeleko yenyewe ni nguo moja. Koti kubwa linavaliwa juu yenu wote wawili, uso wa mtoto ukiwa wazi. Mbeleko hiyo hiyo yenye sponji, ipeleke Tanga mwezi wa Januari uone mnavyolowa jasho. Ila faida moja siikatai: baba wa mtoto, ambaye kanga asingejifunga hata kwa dawa, vifungo anavifunga mwenyewe na kutoka naye kwenda sokoni.

Mlio Uingereza, kabla ya kununua ulizieni maktaba za mbeleko. Miji mingi inazo: unaazima kwa ada ndogo, unaonyeshwa kufunga, isipokufaa unarudisha.

Na wewe unayepakia masanduku ya kwenda nyumbani Desemba na unataka kupeleka zawadi ya mbeleko, mpigie simu mzazi kwanza. Muulize uzito wa mtoto, maana nyingi za mbeleko hizi zinaanzia kilo 3.5 hivi. Kisha muulize anaishi na nani. Mwenye watu nyumbani mpelekee doti ya kanga. Aliyepanga chumba peke yake Mbezi, huyo ndiye mpelekee ya vifungo.